Safari ya Siku Moja, Maandalizi ya Miezi Tisa

Akina mama wenzangu, katika nyumba zetu nyingi matembezi ya familia ni jambo la mwisho kufikiriwa. Kuna ada za shule, kuna kodi ya nyumba, kuna michango ya harusi na misiba, kuna mgonjwa kijijini anayesubiri fedha za dawa. Mtu akitaja habari ya kupanda boti na kwenda kutazama wanyama, jibu huwa tayari mdomoni: hayo ni mambo ya watalii wenye fedha zao. Na mwenye kujibu hivyo ana sababu zake, maana mama ndiye anayejua mfuko wa nyumba umebakiwa na nini.

Hata hivyo, kuna matembezi ambayo si anasa. Kuna siku moja ambayo familia ikiikosa, haitaipata tena. Napenda kuwasimulia jinsi sisi tulivyoipanga siku ya namna hiyo, na yale tuliyojifunza katika kuipanga.

Sisi tunaishi Anchorage, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Alaska, huko kaskazini ya mbali ya Marekani. Baba watoto anapakua mizigo ya ndege usiku, nami ninahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 13, kijana wa miaka 9 na kitinda mimba aliyekuwa na miaka 4 wakati ule. Mwishoni mwa mwaka 2022 tulipata habari njema kwamba Mama mkwe wangu, aliyekuwa na miaka 71, amepata viza na atakuja kutoka Tanga mwezi Mei mwaka 2023, akae nasi miezi mitatu. Baba watoto alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka tisa. Watoto walimjua bibi yao kwa sauti ya simu tu.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini mimi nilianza kuhesabu. Mume wangu hurudi kazini alfajiri, hula, hulala mpaka alasiri, kisha huoga na kujiandaa kurudi tena. Mama angeamka wakati mwanawe analala, na angelala wakati mwanawe anaamka. Siku zake mbili za mapumziko, Jumanne na Jumatano, mara nyingi alikuwa akiitwa kuziba nafasi ya mwenzake. Niliona wazi kwamba Mama angeweza kukaa kwetu miezi mitatu, akapanda ndege akarudi Tanga, bila kuketi na mwanawe siku moja nzima.

Hapo ndipo nilipofikiria boti. Katika boti hakuna pa kwenda. Simu ya kazini haifiki, kwa kuwa ukishatoka nje ya ghuba hakuna mtandao. Hakuna kitanda cha kumwita mchovu. Tena Mama ni mtu wa pwani. Marehemu baba mkwe alifanya kazi katika bandari ya Tanga, kwenye matishari, yale mashua makubwa yaliyopeleka robota za mkonge kwenye meli zilizotia nanga mbali na gati. Kila siku alikwenda baharini, na kila siku Mama alibaki ufukweni na sufuria ya wali. Mara nyingi alituambia katika simu, akicheka: "Nimezaliwa pwani na nimezeekea pwani, lakini baharini sijakanyaga."

Fedha ilizungumzwa kwanza

Kusini ya Anchorage, mwendo wa kilomita 200 hivi, kuna mji mdogo unaoitwa Seward. Kutoka bandari yake boti hupeleka watu kutazama Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1980. Fiyodi ni ghuba nyembamba na ndefu, iliyochimbwa na barafu kati ya milima, kisha bahari ikaingia. Pwani hiyo haina mchanga wa kutembea. Ni miamba iliyosimama wima, mapango, visiwa vyenye ncha kali, na juu yake barafu. Zaidi ya nusu ya hifadhi imefunikwa na barafu. Isipokuwa sehemu moja inayofikiwa na barabara, hifadhi yote huonekana vizuri kwa njia ya bahari tu. Ndiyo maana lazima boti, na boti ina nauli.

Kwa mtu mzima, safari ya siku nzima ilikuwa zaidi ya dola 150, na watoto wana bei yao. Nilipojumlisha watu sita, pamoja na mafuta ya gari na chakula, hesabu ilikaribia dola 1,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni mbili za Tanzania. Nilimwekea Baba watoto karatasi ile mezani pamoja na chai yake.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama watoto, fedha hizi ni mabati. Nyumba ya Mama inavuja upande wa jikoni. Tutamwonyesha samaki wakubwa halafu arudi akanyeshewe?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na sikulijibu siku ile. Nililiombea. Baada ya siku tatu nilimwambia hivi: mabati yatapatikana mwakani, lakini Mama mwakani hatakuja. Magoti yake yanauma, na safari ya ndege ya siku mbili si ya kurudiarudia kwa umri wake. Tukiweza, tufanye yote mawili, kila moja kwa kiasi chake: tuzibe upande wa jikoni tu kabla ya mvua za vuli, nyumba nzima baadaye, na safari tuiwekee akiba mbali na fedha za nyumbani. Alikubali, kwa sharti moja, kwamba Mama asijue bei. Tulijua kabisa kwamba akiijua hatapanda.

Tukaanza mwezi Oktoba. Haba na haba hujaza kibaba. Tuliacha kununua chakula cha nje siku za Ijumaa. Mimi na binti yangu tulisukana nywele wenyewe nyumbani. Nilifanya kazi Jumamosi moja kila mwezi. Binti yetu, bila kuombwa, alileta dola 40 alizolipwa kwa kulea mtoto wa jirani. Mpaka mwezi Juni, yaani miezi tisa, fedha ilitimia pasipo kukopa. Na mabati ya jikoni yalikwisha kupelekwa mwezi Machi.

Nawaeleza haya kwa urefu kwa sababu furaha ya safari iliyolipwa kwa deni huishia siku barua ya benki inapofika.

Kipimo ni aliye dhaifu

Kazi ya pili ilikuwa kuchagua safari. Kuna za aina tatu. Ya kwanza huchukua muda wa saa nne hivi, na huzunguka ndani ya ghuba tu, ambako maji kwa kawaida ni matulivu. Ya pili ni ya saa sita. Hutoka nje ya ghuba, hupita rasi ya Aialik kwenye bahari kuu, kisha huingia kwenye fiyodi yenye mto wa barafu unaofika baharini. Ya tatu ni ya saa nane au zaidi, na hufika fiyodi ya mbali zaidi inayoitwa Northwestern.

Wahenga walisema, nahodha wengi chombo huenda mrama. Binti alitaka ya saa nane, "maana ndiyo yenye kila kitu". Baba alitaka ya saa nne, kwa sababu ya nauli na usingizi. Kijana alitaka yoyote yenye nyangumi. Niliwaambia kwamba hatutapima kwa anayetaka makubwa, tutapima kwa aliye dhaifu. Katika familia yetu walikuwa wawili: Mama mwenye magoti na shinikizo la damu, na mtoto wa miaka 4 asiyeweza kukaa kimya.

Nilipiga simu bandarini na kuuliza maswali ambayo mama yeyote angeuliza. Je, kuna viti vya ndani vyenye joto? Vyoo viko chini au juu ya ngazi? Je, majaketi ya kujiokolea ya watoto yapo? Ngazi ya kuingilia ina mwinuko gani maji yakiwa yamekupwa? Je, bahari ikichafuka fedha hurudishwa? Majibu yalikuwa ya kuridhisha. Boti ya saa sita ilikuwa na ukumbi wa chini wenye viti na joto, na vyoo karibu.

Mama alipofika mwezi Mei nilimpeleka kwa daktari. Nilimweleza habari ya safari na nikamwuliza kuhusu vidonge vya kuzuia kichefuchefu, maana mwenye shinikizo la damu hapaswi kumeza dawa mpya kwa kubahatisha. Daktari alimpa ruhusa na kumtajia dawa inayomfaa. Alisema imezwe kabla ya kupanda, kwani ukingoja mpaka tumbo lichafuke umechelewa.

Kisha nikamwuliza Mama mwenyewe. Nilimweleza kwamba ya saa nne ni ndani ya ghuba, na ya saa sita inatoka nje kwenye mawimbi. Alinyamaza kidogo, akatengeneza khanga yake begani.

"Mwanangu, marehemu alikuwa anarudi jioni miguu ina chumvi, nami namwuliza, huko nje kukoje? Anasema, huwezi kuelewa mpaka ufike. Miaka 30 ananijibu hivyo hivyo. Sasa kama nakwenda, nipelekeni mpaka huko nje."

Mambo yakaisha. Tukakata tiketi za saa sita.

Siku mbili mfukoni

Shauri ambalo limenifaa kuliko yote nilipewa na mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekaa Alaska miaka mingi. Alisema, "Usipange siku moja. Panga siku, na siku ya pili nyuma yake." Pwani ile ina upepo unaobadilika haraka, na nahodha mwenye busara hatoki kwa kuwaogopa abiria. Wanaopanga safari siku moja kabla ya mgeni kuondoka hawana nafasi ya kujaribu tena.

Kwa hiyo tulichagua Jumatano ya tarehe 14 Juni, na nyuma yake Jumatano ya tarehe 28. Baba watoto aliomba ruhusa ya siku zote mbili mapema, pamoja na usiku unaozitangulia, ili asipande boti akiwa amekesha. Tulichagua Juni kwa kuwa wakati huo ndege wa baharini wamejaa kwenye miamba, nyangumi wako katika maji yale wakila, na sili wana watoto wachanga juu ya barafu. Tena mchana ni mrefu sana. Jua huzama karibu na saa tano na nusu usiku. Mama hakuzoea kabisa kusali sala ya kulala jua likimpiga usoni.

Tarehe 13 jioni tulipigiwa simu kwamba nje ya rasi kuna upepo mkali na boti haitakwenda fiyodi. Tungeweza kubaki ndani ya ghuba, au kuhamisha siku. Watoto walilia. Mimi nilitoa maandazi niliyokuwa nimeyafunga, tukayala na chai nyumbani, nikapiga simu kuhamisha tiketi. Mama aliwaambia wajukuu wake, "Bahari haishi zinge. Babu yenu naye alikuwa anarudi nyumbani asubuhi saa tatu, anasema leo hakuna kazi, bahari imekataa. Tunashukuru amerudi." Watoto walinyamaza. Hawakuwa wamewahi kusikia habari za babu yao akirudi nyumbani saa tatu.

Tarehe 28 ilipofika, mfuko ulikuwa tayari toka usiku. Orodha yangu ilikuwa hii, na inafaa kwa safari yoyote ya bahari ya baridi: sweta mbili kwa kila mtu, koti la mvua, kofia na glovu hata kama ni kiangazi, nguo kavu za mtoto seti mbili, darubini moja ya kuazima, chupa ya chai ya tangawizi isiyo na maziwa, chapati, ndizi, mayai ya kuchemsha yasiyotiwa chumvi kwa ajili ya Mama, na mifuko ya karatasi kwa atakayetapika. Chakula kizito cha mafuta tulikiacha nyumbani. Mama alivaa koti langu nene, na juu yake akafunga khanga.

Tuliyoyaona, na tusiyoyaona

Seward ni mji wenye historia ambayo Mkristo hawezi kuipita bila kusimama. Ghuba yake inaitwa Ghuba ya Ufufuo. Jina hilo lilitolewa na mfanyabiashara Mrusi, Alexander Baranov, katika miaka ya 1790, wakati Alaska ilipokuwa chini ya Warusi. Alikimbia dhoruba, akapata mahali pa salama ndani ya ghuba hiyo siku ya Pasaka. Na tarehe 27 Machi mwaka 1964, siku ya Ijumaa Kuu, tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.2 lilitikisa nchi ile. Sehemu ya ufukwe wa Seward iliporomoka baharini, matangi ya mafuta yakashika moto, na mawimbi makubwa yakaumaliza mji wa bandarini. Mji ulijengwa upya. Nilipomsimulia Mama tukiwa garini, alitikisa kichwa, akasema, "Ijumaa Kuu na Pasaka mahali pamoja. Basi ni mahali pa watu kama sisi."

Tuliondoka bandarini saa nne asubuhi. Ndani ya dakika chache tuliwaona fisi-maji wa baharini, wameelea chali kama watu walio kitandani. Mnyama huyu hana mafuta mazito chini ya ngozi kama nyangumi au sili. Kinachomkinga na baridi ni manyoya yake, ambayo ni mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote anayenyonyesha. Kwa ajili ya manyoya hayo waliwindwa karibu kumalizwa, hadi mkataba wa mwaka 1911 ulipowalinda. Tena mwaka 1989 meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez ilipasuka kaskazini-mashariki ya hapo, mafuta yakafika mpaka pwani hii, na fisi-maji wengi pamoja na maelfu ya ndege wakafa. Leo wameonekana tena. Mama mmoja alikuwa na mtoto wake tumboni, anamchana manyoya kwa kucha. Mhudumu wa boti alieleza kwamba akitaka kuzama kutafuta chakula, humfunga mtoto kwa mwani ili asichukuliwe na maji. Akina mama wote ndani ya boti tulicheka kwa pamoja, bila kujali lugha. Kila mmoja alikumbuka amewahi kumfunga mtoto na nini akiwa na kazi.

Tulipotoka nje ya ghuba, mawimbi yalianza. Boti ilipanda na kushuka. Kijana wetu alitapika, akasafishwa, akakaa katikati ya boti akitazama mbali, akapata nafuu. Mama alishika chuma kwa mikono miwili. Nilimwuliza kama anaogopa.

"Naogopa," akasema. "Lakini sasa naelewa."

Karibu na visiwa vya Chiswell tuliwaona simba-bahari wamejaa juu ya miamba wakinguruma, na ndege waitwao pafini, weusi wenye nyuso nyeupe na midomo mikubwa ya rangi ya chungwa. Pafini hutaga yai moja tu kwa mwaka, na baba na mama humlisha kinda kwa zamu. Baba watoto alisema huo ndio mfano wa zamu anazozielewa.

Kisha wakaja orka, wale wanaoitwa nyangumi wauaji, ingawa kwa ukoo ni jamaa wa pomboo. Walikuwa kama saba, mapezi yao yamesimama kama mapanga meusi. Tulielezwa kwamba miongoni mwa orka wanaokula samaki, watoto hubaki na mama yao maisha yote, hata madume wakubwa, na wanaoongoza ukoo ni majike wazee. Bibi mzee, ambaye siku zake za kuzaa zimekwisha, ndiye anayejua samaki wako wapi. Baba watoto alimtafsiria Mama maneno hayo, sentensi moja moja. Mama hakujibu, ila aliushika mkono wa mwanawe na hakuuachia kwa muda mrefu. Nilijua wote wawili walikuwa wakiihesabu ile miaka tisa.

Ndani ya fiyodi maji yalitulia, na baridi ikaongezeka. Mbele yetu ulisimama mto wa barafu wa Aialik, ukuta wa rangi ya buluu, upana wake zaidi ya kilomita moja. Unashuka kutoka uwanda wa barafu wa Harding, ambao eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,800 na hutoa mito ya barafu karibu 40. Nahodha alizima injini. Sili walikuwa wamelala na watoto wao juu ya vipande vya barafu, nasi tulikaa mbali ili watoto wasiogope na kujitosa majini. Tukasikia mlio kama wa radi, na kipande kikubwa kama nyumba kikaanguka baharini. Mtoto wetu mdogo alipiga kelele, "Mungu amevunja barafu!" Hakuna aliyemsahihisha.

Lakini nyangumi wa nundu, yule mkubwa anayeruka kwenye picha zote za matangazo, hatukumwona. Kijana wetu alikuwa amemwombea kila usiku kwa mwezi mzima. Wakati wa kurudi alikaa na uso wa kununa. Bibi yake alimwita.

"Uliomba umwone?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nyangumi naye ana Mungu wake wa kumsikiliza. Labda leo aliomba apumzike."

Kijana alicheka kwa shida, akamlalia bibi yake pajani. Upande wa pili, Baba watoto alikuwa amekwisha kulala, kichwa chake begani kwa mama yake, mdomo wazi kama mtoto. Mama alikaa wima kwa saa nzima asitikisike, wajapokuwa magoti yake nayo yanauma. Kabla hajalala walikuwa wamezungumza kwa muda mrefu habari za marehemu, za matishari, na za siku ambayo baba yake alilia kwa furaha alipozaliwa mtoto wa kiume. Mume wangu alikuwa hajawahi kuambiwa hayo. Nami sikuyasikia yote, maana niliondoka kwa makusudi nikaenda kutazama ndege.

Kwako wewe unayepanga

Katika Mithali 16:9 tunafundishwa habari ya moyo wa mtu unaofikiri njia, na Bwana anayeziongoza hatua. Wengine huusoma mstari huo kana kwamba kupanga ni bure. Mimi nauona una sehemu mbili, na sehemu ya kwanza ni kazi yetu. Fedha, daktari, tiketi, sweta, siku ya pili nyuma ya siku ya kwanza, hayo hayashuki kutoka mbinguni. Upepo, nyangumi, na neno ambalo mzee atamwambia mwanawe, hayo hayauzwi bandarini.

Dada mpenzi, si lazima uwe Alaska. Ukiwa Tanzania, Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko kando ya Bahari ya Hindi, na kwa boti katika mto Wami watu huwatazama viboko na mamba. Huenda kwako ikawa ni kivuko tu, au mtumbwi wa kukodi kwa saa moja ziwani. Lakini ukipanga, anza na swali hili: ni nani katika nyumba yangu ambaye siku zake za kukaa nasi zinahesabika, na ni kitu gani amekitazama maisha yote kutoka ufukweni? Pima safari kwa nguvu zake. Weka akiba bila kukopa. Mwache mwenye zamu za usiku alale kwanza. Kisha waketishe karibu, nawe ondoka kidogo.

Mama alirudi Tanga mwezi Agosti. Bei ya tiketi hajaijua hadi leo, na tafadhali asije akaisoma hapa. Tulipompigia simu baada ya mvua za vuli kumwuliza habari za mabati, alisema jikoni hakuvuji tena. Kisha akatuambia kwamba majirani humwuliza huko nje kwenye bahari ya barafu kukoje.

"Unawajibuje, Mama?" mume wangu akauliza.

"Nawaambia, hamwezi kuelewa mpaka mfike."